Namba ya weldi kwanza, programu baadaye

Bomba la gesi la inchi 36 linaloanzia Madimba, Mtwara, kwenda Dar es Salaam lina urefu wa takribani kilomita 477. Kipande kimoja cha bomba la namna hiyo huwa na mita 12 hivi. Piga hesabu: ni karibu vipande 40,000, na weldi za kuviunganisha ni idadi hiyohiyo. Kila kipande kina namba yake ya kiwandani, unene wake wa ukuta, daraja lake la chuma na tabaka lake la kinga. Kila weldi ina tarehe, mchomeleaji na majibu ya ukaguzi. Hapo hujagusa lile la inchi 24 linalopita chini ya bahari kutoka Songo Songo hadi Somanga Fungu, wala lile la zamani la Songas lililoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004.

Taarifa hizi zikitunzwa vizuri, mhandisi aliyekaa ofisini Mtwara mjini akiulizwa hali ya kipande kilichopita chini ya mto Mbwemkuru anajibu kabla chai haijapoa. Zikitunzwa vibaya, atafungua mafaili matano ya Excel na kila moja litampa jibu lake.

Tutenganishe mambo mawili kwanza, kwa sababu huchanganywa hata kwenye zabuni. Kuna programu inayoangalia presha, joto na mtiririko wa gesi sasa hivi, yenye skrini kubwa chumba cha uendeshaji na king'ora kikilia. Hiyo siizungumzii. Ninayoizungumzia inaangalia chuma chenyewe: kimebaki kiasi gani, kimeliwa wapi, kinaliwa kwa kasi gani, na nani aliyepima. Ni kazi ya miaka. Kipimo cha leo hakina maana kubwa mpaka kikutane na kipimo cha miaka mitano ijayo, na vyote viwili vikae juu ya kipande kilekile cha bomba. Hapo ndipo miradi mingi hukwama. Mtu ananunua programu ya mamilioni, anamwaga humo kila faili alilonalo, halafu anashangaa ramani imejaa nukta zisizoelewana.

Kilomita zinacheza

Wanaofanya kazi ya bomba hutaja mahali kwa KP, yaani kilomita kuanzia mwanzo wa bomba. "Tukutane KP 118." Kwa mazungumzo inatosha kabisa. Kwa hifadhidata haitoshi, kwa sababu KP ina baba zaidi ya mmoja. Ipo kilomita ya michoro ya ujenzi, iliyopimwa juu ya ramani bapa. Ipo inayofuata ardhi yenyewe, ikipanda na kushuka na vilima, na hiyo huwa ndefu zaidi. Ipo ya odometa ya pigi, kile chombo kinachosukumwa na gesi ndani ya bomba kikipima ukuta. Na ipo ya bango la mkuza, yaani ukanda wa ardhi bomba linamopita, ambalo likiangushwa na trekta husimikwa tena "palepale" kwa makadirio ya macho.

Odometa ya pigi ni gurudumu linaloviringika kwenye ukuta wa ndani. Likikutana na maji, mafuta mepesi au ule unga mweusi unaojikusanya kwenye mabomba ya gesi, linateleza. Kosa la moja kwa elfu linasikika dogo, lakini ukiwa kilomita 100 kutoka kirushioni, pale pigi inapoingizwa, ni mita 100, sawa na vipande vinane. Ukichimba kwa kufuata namba hiyo tu, utafukua bomba zima lisilo na kasoro, utalifukia, na kutu itaendelea na kazi yake jirani.

Weldi haitembei. Pigi huiona kila weldi ya mzunguko inapopita, na umbali kati ya weldi mbili ni mdogo kiasi kwamba odometa haipati nafasi ya kukosea sana. Kwa hiyo anwani ya kweli ya kasoro yoyote ni hii: namba ya weldi iliyo nyuma yake upande gesi inakotokea, umbali kutoka weldi hiyo, na upande wa mduara. KP ibaki kwenye jedwali, lakini ikokotolewe na programu. Isiwe ndiyo nguzo.

Kulinganisha weldi za vyanzo viwili hufanyika hivi. Chukua orodha ya vipande ya wakati wa ujenzi na orodha ya weldi iliyotoka kwenye pigi. Anzia mahali pasipo na ubishi: flenji ya kirushio, valvu ya kufungia njia, kiungo cha tii, kona iliyotengenezwa kiwandani. Kutoka hapo soma urefu wa vipande kwa mfuatano: 12.14, 11.87, 12.02, 6.35, 11.95. Hicho cha 6.35 ndicho cha kushikilia, maana vipande vifupi ni vichache na huonekana upesi. Mfuatano wa vipande kumi hivi, ukichukua sentimita zake, ni kama alama ya kidole. Ni nadra sana kujirudia mahali pengine. Endelea hadi valvu inayofuata, uone kama idadi ya weldi inalingana.

Mara nyingi haitalingana, na hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Orodha ya ujenzi ikiwa na weldi moja ambayo pigi haikuiona, au pigi ikiona weldi ambayo haimo kwenye orodha, kuna jambo lilitokea mtaroni ambalo karatasi yake haikufika ofisini: kipande kilikatwa wakati wa kuunganisha sehemu mbili, au weldi iliyokataliwa na ukaguzi ilikatwa na pakawekwa kipande kifupi. Kila tofauti ya namna hii ina weldi zilizochomewa mtaroni mwishomwishoni, ambazo hazikuwemo kwenye jaribio la maji, lile la kujaza bomba maji kwa presha kuona kama linastahimili, endapo zilifungwa baada yake. Programu nzuri hulinganisha yenyewe sehemu kubwa ya bomba, kisha inakuonyesha palipobaki ili mtu akae napo. Inayokwambia imelinganisha mia kwa mia bila swali hata moja, itilie shaka.

Namba ya weldi haibadilishwi kamwe. Wengi huanza kwa kuruka kumikumi (12340, 12350, 12360) ili zikija mpya zipate nafasi katikati. Kipande kikikatwa na kubadilishwa, weldi mpya hupewa 12341 na 12342, na kipande cha zamani hubaki kwenye hifadhidata kikiwa na tarehe ya kuondolewa. Anayekifuta kwa sababu "hakipo tena" anafuta pia sababu iliyofanya kikatwe.

Kosa la kipande kimoja linagharimu nini

Kwenye mito, chini ya barabara na karibu na makazi, kwa kawaida hutandazwa bomba nene zaidi. Kwa hiyo mpaka kati ya unene mmoja na mwingine ni weldi fulani, na ulinganishaji ukihama kwa kipande kimoja tu, kasoro iliyo kwenye bomba jembamba itasomeka iko kwenye nene.

Tuchukue mfano wa darasani, usiohusu bomba lolote la hapa. Kipenyo milimita 914.4, chuma chenye nguvu ya megapaskali 448, presha ya juu inayoruhusiwa megapaskali 8.8. Pigi imeona kutu iliyokula asilimia 45 ya ukuta, urefu milimita 150. Ukiweka unene wa milimita 12.7 kwenye kanuni ya B31G iliyorekebishwa, inayokadiria nguvu iliyobaki kwenye bomba lililoliwa na kutu, ambayo programu karibu zote za kazi hii huwa nayo, unapata presha ya kupasuka ya karibu megapaskali 11.9. Gawa kwa 1.39 kupata nafasi ya usalama: 8.6. Iko chini ya 8.8, kwa hiyo unashusha presha na kupanga kuchimba. Sasa weka unene wa milimita 15.9, ule wa kipande cha jirani. Kupasuka kunakuwa 15.3, na baada ya kugawa ni 11.0. Mstari unageuka kijani na hakuna atakayeutazama tena hadi ukaguzi ujao. Kanuni haikukosea, na pigi haikukosea. Kilichokosea ni safu moja kwenye jedwali, aliyoijaza mtu akiwa na haraka.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kila thamani iwe na jirani yake inayosema ilikotoka. Unene umetoka cheti cha kiwanda, au umepimwa kwa ultrasoniki baada ya kufukua, au mtu ameukisia kwa sababu vipande vya pembeni vina unene huo? Hizo ni hali tatu tofauti na hazistahili kuonekana sawa kwenye skrini. Pasipojulikana paandikwe "haijulikani", na programu ikubali neno hilo badala ya kulazimisha namba ili fomu ifungwe.

Mfano wa gharama yake uko wazi duniani. Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka huko San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Rekodi za kompyuta za mwendeshaji zilieleza sehemu hiyo, iliyowekwa mwaka 1956, kuwa ni bomba lisilo na mshono. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za namna hiyo, ilikuta vipande vifupi vyenye mshono wa urefu, na weldi ya baadhi yake haikupenya ukuta wote. Baada ya hapo kampuni ililazimika kupekua makaratasi ya miongo kwa wingi mno, ikitafuta ushahidi wa presha ya kila kipande. Mabomba yetu ya kusini ni machanga, na waliokuwepo mtaroni wengi bado wapo. Kukusanya karatasi za ujenzi sasa ni kazi ya miezi. Kuzitafuta baada ya miaka 40 ni kazi nyingine kabisa.

Volti, saa, na alama ya kutoa

Bomba lililozikwa hulindwa na tabaka la nje na, nyuma yake, umeme mdogo wa kuzuia kutu, uitwao ulinzi wa katodi, unaotoka kwenye mashine iitwayo rektifaya. Vipimo vyake ndivyo vinavyojaza hifadhidata kwa wingi, na ndivyo vinavyoharibika kwa urahisi.

Kipimo cha msingi ni volteji kati ya bomba na udongo, kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba. Kigezo kinachotumika sana ni milivolti -850 au hasi zaidi ya hapo, isomwe mara tu umeme unapokatwa, na watu wengi hawapendi ivuke -1200 kwa sababu ulinzi uliozidi unaweza kubandua tabaka la nje. Kwenye fomu lazima pawe na safu mbili, "ikiwa imewaka" na "ikiwa imekatwa". Ukiona jedwali lenye safu moja iitwayo "volteji", usilipokee. Kipimo cha umeme ukiwa umewaka huwa na nyongeza inayotokana na udongo wenyewe, na bomba lisilolindwa linaweza kuonekana liko salama.

Makosa mengine yanajirudia kiasi kwamba programu inapaswa kuyakamata mlangoni. Alama ya kutoa imesahaulika, ikaandikwa 910. Mmoja ameandika kwa volti, -0.91, mwenzake kwa milivolti, -910, kwenye safu moja. Sehemu za baharini huko Songo Songo zinapimwa kwa elektrodi ya fedha, ambayo kigezo chake ni karibu -800, lakini programu inazihukumu kwa -850 na kuwasha taa nyekundu bure. Weka sheria rahisi: kipimo kisicho na alama ya kutoa kirudi kwa aliyekituma, kipimo kisicho na aina ya elektrodi kisiingie. Kumrudishia fundi siku hiyohiyo ni afadhali kuliko kumuuliza baada ya miezi sita akiwa Songea kwenye mradi mwingine.

Hali ya hewa nayo iingie. Kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, mchanga wa juu huku kwetu hukauka mpaka elektrodi haigusi kitu. Fundi mzuri humwaga maji kidogo na kusubiri kabla ya kusoma. Asipofanya hivyo, grafu itaonyesha ulinzi umeshuka kila Septemba na kupona kila Januari, na utafukuza tatizo la rektifaya ambalo halipo. Safu ndogo ya "udongo mkavu au mbichi, maji yamemwagwa au hayajamwagwa" inaokoa safari nyingi.

Halafu kuna saa. Upande wa mduara wa bomba hutajwa kwa saa ya ukutani: 12 ni juu kabisa, 6 ni chini kabisa. Ripoti za pigi zote ndivyo zinavyosema. Sasa fundi anayefukua anapigiwa simu kuulizwa kasoro iko wapi, na kwa ulimi wa kila siku anasema "saa sita", mshale ukiwa juu. Anayeandika upande wa pili anaandika 6. Kutu ya juu ya bomba imehamia chini, na chanzo chake kinachotafutwa kinabadilika pia, kwa sababu ya chini hufikiriwa maji yaliyotuama na ya juu hufikiriwa kitu kingine. Dawa yake ni kuhifadhi kwa nyuzi, 0 hadi 360 kuanzia juu, na kwenye fomu ya uwanjani kuweka mchoro wa duara ambao fundi anagusa kwa kidole. Namba asiiandike kabisa.

Mkuza na wanaoupita

Ujumbe wa kawaida kutoka kwa mlinzi wa mkuza huwa hivi: "Shikamoo mhandisi. Kuna watu wamelima mihogo juu ya bomba, ukivuka korongo la pili, karibu na ule mkorosho mkubwa." Na jibu: "Marahaba. Nitumie pini na picha." Basi, taarifa imekufa hapo kwenye simu. Wiki inayofuata mtu mwingine anaanza upya.

Uvamizi wa mkuza, kama kulima kwa trekta, kuchoma mkaa, kuchimba kisima, kujenga kibanda, unastahili kuwa kwenye hifadhidata ileile ya kutu. Bomba likigongwa na jembe la trekta leo, kinachobaki ni mkwaruzo uliochubua tabaka la kinga, na mkwaruzo huo ndio utakaoonekana kama kutu kwenye pigi baada ya miaka mitano. Ukiwa na tarehe na mahali pa tukio, unajua chanzo. Usipokuwa nayo, utaandika "kutu ya nje, sababu haijulikani".

Fomu ya mlinzi iwe fupi mno. Aina ya tukio achague kwenye vitu sita au saba, apige picha, simu ichukue mahali yenyewe. KoboToolbox na QField, programu za kujaza taarifa kwa simu, zote zinafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye simu ikipata mnara, jambo ambalo kati ya vijiji vya Kilwa ni la lazima. Upande wa ofisi, PostGIS, nyongeza ya ramani kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ina kazi iliyoandaliwa tayari ya kuchukua nukta na kuitafutia mahali pake juu ya mstari wa bomba. Hifadhi vyote viwili: nukta ilivyokuja na mahali ilipoangushiwa, pamoja na umbali kati yake. Chini ya mikorosho iliyofunga, simu inaweza kukosea mita kadhaa. Ikiwa mbali mita 50 na zaidi, ama mlinzi alisimama barabarani, ama mstari wako wa bomba ndio mbovu.

Na mstari kweli huwa mbovu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS zote hutumia WGS84. Namba zinafanana sura, zote za kanda ya 37 Kusini, ila ukizichanganya mahali panahama kwa mamia ya mita. Kosa hilo linatambulika haraka: nukta zote zimehama upande mmoja kwa kiasi kilekile. Kosa baya zaidi ni faili ambalo nusu yake ni mfumo mmoja na nusu mwingine, kwa kuwa wakandarasi wawili walipokezana. Kabla ya kupakia, simama kwenye valvu tano au sita ukiwa na kipokezi kizuri, ulinganishe.

Mito iwe na jedwali lake. Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu hubadilika kila masika, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, pamoja na mvua zilizokitangulia, kilionyesha maji yanaweza kufanya nini: barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa. Pima kina cha udongo juu ya bomba kwenye kila kivuko kabla ya mvua na baada yake, kwenye nukta zilezile, na uhifadhi vipimo vyote. Programu nyingi zina sehemu moja tu ya "kina cha kufukiwa" kwa kila mahali, na kipimo kipya hufuta cha zamani. Ukikubali mpangilio huo utajua kina cha leo bila kujua kwamba kimeshuka kila mwaka.

Kuhusu nyumba, vijiji vya kando ya barabara kuu vinakua, na umbali wa madhara bomba likipasuka si mdogo; kwa mfano ule wa juu, wa inchi 36 na megapaskali 8.8, kanuni ya kawaida inatoa karibu mita 270 kila upande. Google Open Buildings ina michoro ya majengo ya Afrika bila malipo. Si kamili, lakini inakuonyesha pa kwenda kuhesabu kwa miguu.

Pigi la pili

Pigi la kwanza linakupa picha, la pili linakupa kasi. Hapa ndipo tamaa inapowapata watu. Kasoro ilikuwa asilimia 12, sasa 19, ukuta milimita 12.7, miaka mitano imepita. Programu inagawa: milimita 0.18 kwa mwaka, na kufika asilimia 80 itachukua miaka 43. Raha tupu.

Lakini pigi la sumaku la kawaida husoma kina kwa uvumilivu, yaani kosa linalotarajiwa, wa asilimia 10 ya ukuta juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 80. Vipimo viwili vya namna hiyo vikitolewa, uvumilivu wa tofauti yao ni karibu asilimia 14. Tofauti yako ya 7 imo ndani ya ukungu huo: huenda kutu haijasogea kabisa, huenda imesogea 21. Ikiwa ni 21, kasi ni milimita 0.53 kwa mwaka na miaka iliyobaki ni 14 na ushee. Programu inayotoa "miaka 43" bila kuonyesha upana huo inakupa namba ya kuwafurahisha wakubwa.

Upana hupunguzwa kwa kulinganisha mawimbi yenyewe ya sumaku badala ya asilimia zilizoandikwa kwenye ripoti, kasoro kwa kasoro, weldi kwa weldi. Kwa hiyo mkataba wa ukaguzi udai data ghafi, pamoja na orodha kamili ya weldi zote, hata zile zisizo na kasoro. Wakaguzi wengi wakiachwa hukabidhi kitabu cha PDF na jedwali la kasoro peke yake. Jedwali hilo halilinganishiki na lolote.

Kila uchimbaji nao urudi kwenye hifadhidata. Karatasi ya kuchimba itaje weldi ya rejea na urefu wa kipande kilichotangulia na kinachofuata. Fundi akifukua apime kwanza urefu huo. Karatasi ikisema kipande ni 11.87 na yeye anapata 12.02, asimame hapohapo, apige simu, kabla hajabandua tabaka. Akishapata kasoro, apime kina kwa ultrasoniki au kwa kipimo cha sindano, na namba yake iwekwe kando ya ile ya pigi. Vipimo ishirini vya namna hiyo vitakuonyesha kama pigi hilo huwa linapunguza au kuongeza, na marekebisho yake utayatumia kwenye mamia ya kasoro ambazo hutazichimba.

Kumjaribu muuzaji

Kama timu ni ndogo, PostgreSQL yenye PostGIS, na QGIS ya kuonyesha ramani juu yake, vinatosha kuanzia, mradi yupo mtu mmoja anayejua kazi hiyo na mwingine anayejifunza kwake. Majedwali yafuate mpangilio unaojulikana, kwa mfano PODS, mpangilio wa wazi wa data za mabomba, ili siku ya kuhamia programu kubwa msianze kutafsiri safu moja moja. Programu za kununua zina faida zake, hasa ulinganishaji wa pigi na hesabu za hatari. Muuzaji akija na maonyesho yake mazuri, mwachie amalize, kisha mpe kazi zako.

Mpe mafaili mawili ya pigi ya bomba moja, la pili likiwa limeondolewa weldi tatu na kuongezwa mbili, umuone analinganisha mbele yako. Mpe jedwali la volteji lenye alama za kutoa zilizokosekana na volti zilizochanganywa na milivolti, uone kama linaingia bila kelele. Badilisha unene wa kipande kimoja halafu umuulize nani kaubadilisha, lini, ulikuwa ngapi, na ni hesabu zipi zilizotegemea ule wa zamani. Zima intaneti katikati ya kujaza fomu. Mwisho mwambie atoe kila kitu nje, majedwali yote na mahusiano yake, kwenye faili linalofunguka bila programu yake, na uangalie saa.